Mshika Kitabu

Wao msimu ule huuita kiangazi.
Mimi niliondoka Wete kipupwe kimekaza,
karafuu zimeanikwa mpaka ukingoni mwa lami,
nikaikuta baridi ileile huko, ina jina jingine.

Wiki tano. Barua ilisema: kozi fupi
ya tamthilia ya Kiingereza.
Nauli juu yao, chakula juu yao, koti juu yangu.
Nilinunua kwa Bi Mize, mtumba wa Chake,
na mfukoni mlikuwa na tikiti ya basi
ya mji nisioujua.
Koti linarudi kwao, nikasema, mimi nalisindikiza.

Siku ya kugawa nafasi Bi Gillian alisoma majina.
Malkia: msichana wa Ureno.
Mizimu: mapacha wa Chile.
Time Faki: ashike kitabu.
Nikadhani ni kitabu cha mahudhurio.

Kumbe kuna kigoda nyuma ya pazia,
tochi iliyozibwa kwa karatasi ya buluu,
na mtu mmoja anayefuata kila neno
kama tulivyofuata juzuu chuoni kwa Maalim Khatoro,
kijiti mkononi, sauti kwa ndani.
Mchezaji akikwama, humtupia neno.
La kwanza tu, kisha ananyamaza.
"Ukimpa mawili," alisema Bi Gillian, "umemnyang'anya."

Siku tatu nilinuna.
Nilijua ni ulimi wangu,
Kiingereza changu cha ubaoni,
kila herufi inatembea kwa miguu yake.

Siku ya nne nikaanza kusikia
kwamba kimya nacho kina aina.
Kipo kimya cha mchezo, hicho hakiguswi.
Kipo cha mtu aliyepotelewa:
mabega hupanda, mkono hutafuta
kitu ambacho hakikuwekwa mezani.
Ukichelewa, aibu yake.
Ukiwahi, aibu yako.

Usiku wa maonyesho malkia alikwama mara mbili.
Watu mia tatu, na hakuna aliyejua.
Kazi yangu ndiyo hiyo. Haina picha.

Nyumbani walijaa uani, hata watu wa Mtambwe,
mikate ya kumimina imekatwa vipande vya wageni.
"Haya, ulikuwa nani?"
Mama alikwisha waambia majirani: malkia.
Nikasema, nilikaa gizani, nikishika kitabu.
Kikashuka kimya cha aina ya tatu,
ambacho kule hawakunifunza.

Ndipo Ami Shaame akasimama kunikaribisha,
mtunzi wa kila harusi ya ukoo,
ambaye hajapata kushika karatasi:

*Karibu mwana karibu, tulokuwa twasubiri,*
*Ulipokuwa ghaibu, tulikuombea heri,*
*Umerudi na adabu,*

na hapo akasita.
Watu walidhani ni mbwembwe.
Mimi niliyaona mabega.
Mkono wake ulipapasa shanga za tasbihi
ambayo ilikuwa chumbani, juu ya kabati.

Sikuwa na kitabu.
Nilikuwa na kina tu.
Ri, nikawaza. Ri. Mizani nane, mwisho ri.
Kule tulitupa neno la kwanza;
huku ilibidi nitupe la mwisho.
Nikainama kama ninayeokota kijiko.
"Siri."

*Umerudi na adabu, umerejea na siri!*

Uwanja ukalipuka vicheko na makofi,
Bi Mize akapiga kigelegele kisicho na sababu,
na Ami akaketi amenyoosha shingo, kijana tena.
Yeye alitunga neno gani pale, sijui.
Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Hakuna aliyegeuka upande wangu,
isipokuwa mama, birika mkononi,
aliyekuwa akiitazama midomo yangu.
Hakusema kitu.
Akapita mbele ya wageni wote,
akanimiminia kahawa mimi kwanza.